Dobi na Kazi ya Kula

Kwa miaka kumi na tisa alifua mashuka ya nyumba ya wageni, na wenzake walimwita Mashine, maana shuka likipita mikononi mwake halikudondosha hata tone. Siku shuka lilipomshinda, alikuwa ameshika pembe mbili na mwenzake mbili. Walisokota mara moja, vidole vyake vikaachia, likaanguka sakafuni.

"Shoga, leo umelala na njaa?" mwenzake alimtania.

Dobi aliinama akaliokota. Njaa alikuwa akilala nayo na kushinda nayo. Mwaka uliopita hospitali ilimwambia kwamba virusi vya homa ya ini vimelijaza ini lake makovu, akaanzishiwa vidonge vya kila siku. Wifi yake, aliyehamia kwake kumuuguza, akapiga marufuku mayai, nyama, maharage, hata maziwa.

"Ini bovu halitaki vitu vizito, wifi yangu."

Akabaki na uji mwepesi na matunda. Tumbo likajaa maji, mapaja yakakonda. Majirani walioona tumbo tu walimpongeza kwa kunenepa.

Baada ya lile shuka, alinunua kopo la unga wa kujenga misuli, lenye picha ya mwanamume aliyetunisha kifua. Kabla ya kulifungua alilipeleka kliniki, akaliweka mbele ya mtaalamu wa lishe kama mtu anayekiri kosa.

Yule dada alisoma maandishi ya nyuma. "Humu kuna mitishamba isiyotajwa hata majina. Ini lako limeelemewa tayari, mama. Kwani unakula nini?"

Akaeleza. Dada akashusha pumzi.

"Ini lako haliwezi tena kuweka akiba. Ukikaa na njaa, mwili unajitafuna misuli. Ndiyo maana mikono imekwisha."

Akampa kifaa cha kuminya, cha kupima nguvu za mkono. Mshale ukasimama kwenye kilo kumi na moja.

Akaagizwa ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku: mayai, samaki, maharage. Chumvi apunguze. Kabla ya kulala akoroge paketi moja ya unga wa protini aliopewa palepale. Na kila siku atembee.

Wifi aliposikia, aliketi jikoni, mwiko ungali mkononi. "Kumbe nilikuwa nakumaliza mimi."

"Ulikuwa unanihangaikia," dobi alimwambia.

Kula kukawa kibarua cha pili. Ule unga wa kliniki ulikuwa na ladha ya chaki. Aliunywa amefumba macho, na siku nyingine aligeukia ukutani akakataa, wifi akasubiri na kikombe mpaka akageuka.

Baada ya miezi mitano mshale ulifika kumi na tano. Daktari hakumficha: makovu yapo palepale, ila nguvu kidogo zimerudi.

Msimamizi akamhamishia kwenye kukunja taulo. Ikifika saa sita mchana huwa amechoka kabisa. Huketi kwenye ngazi za nyuma, viatu amevua, akitafuna karanga bila hamu, moja baada ya nyingine, mpaka ziishe.