Nilivyomwimbia Bi Zuhura Wimbo wa Mkeka

Mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Shella navuta mtandio mpaka puani, jua likiwa kali najifanya nakinga jua, likiwa halipo najifanya nakinga vumbi, lakini nyinyi ni watu wangu basi acheni niseme kweli: ninachokinga ni uso wangu usitambulike. Na aibu yenyewe niliifuata kwa miguu yangu, nimevaa nikapendeza, wala hakuna aliyenisukuma.

Kwanza mjue mimi ni mtoto wa Kaloleni, baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya, na nyumbani kwetu nyimbo za mapenzi zilisikilizwa kwa jirani (baba akikusikia unaimba "mpenzi" anauliza, "Mpenzi yupi huyo? Kwao wapi?"). Nilipopata kazi kwenye duka la dawa hapa Malindi nikapanga chumba Shella, kwa Bi Zuhura, mama wa makamo, mtaratibu, aliyekuwa akiishi peke yake kwa sababu binti zake wote wameolewa Mombasa. Haukupita muda nikashikwa na homa mbaya, na yule mama alininywesha uji kwa kijiko kama mtoto, ananipangusa jasho kwa ncha ya leso yake, na tangu siku hiyo sikumwita tena mwenye nyumba, nikamwita mama, naye akaniita mwanangu. Habari za mumewe sikuwahi kuuliza. Picha yake haipo ukutani, hatajwi, mimi nikamzika kichwani mwangu, nikamwombea na rehema.

Sasa kulikuwa na wimbo wa taarabu uliokuwa ukipigwa sana redioni pale dukani, na mimi nikaupenda mpaka nikawa nawapimia watu dawa ya kikohozi huku nauimba. Ulikuwa unasema hivi:

Nimetandika mkeka,
njoo lala ukichoka,
aliyesuka katoka,
mie ndiye wa kubaki.

Mimi nilivyousikia, moyo ulilainika. Nikamwona Bi Zuhura jioni ameketi barazani peke yake, wanawe wametoka wote, na mimi mpangaji, mtoto wa watu kutoka bara ya huko juu, ndiye niliyebaki naye. Nikasema huu ni wimbo wetu! (Nikajiona na akili nyingi kugundua kwamba mapenzi si ya mume na mke tu. Ningejua!)

Ikaja harusi ya jirani, na alasiri moja kukawa na taarabu ya wanawake pale ukumbini. Bi Zuhura aliniazima dera lake la zambarau, akanitia udi, na njiani akaniambia, "Kadzo mwanangu, wewe keti, kula, tazama. Taarabu ina wenyewe." Nikaitikia ndiyo mama. Tukakaa mbele, tukala, nikatazama, na ningeendelea kutazama hivyo hivyo hadi mwisho leo ningekuwa natembea uso wazi, lakini mwimbaji akaanza wimbo wa mkeka.

Nikamgeukia Bi Zuhura. Alikuwa ameinamisha kichwa, analikunja na kulikunjua pindo la buibui lake. Mimi nikadhani ameguswa! Nikatoa noti kwenye pochi, nikainuka, nikaizungusha juu ya kichwa chake mara kadhaa kama nilivyowaona wenzangu wakifanya, nikaenda kumtunza mwimbaji huku nacheza (kucheza kwangu ni kwa kwaya, hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto). Ukumbi ukalipuka. Upande mmoja vigelegele, upande mwingine watu wameshika midomo, na mimi nikaona kumbe nawafurahisha wote. Mwimbaji alipoona mambo yamepamba moto akaurudia ule ubeti, akanisogezea kipaza sauti, na mimi, binti wa mwalimu wa kwaya, unipe kipaza sauti nikatae? Nikaimba kwa sauti yote aliyonifundisha baba, mkono kifuani, halafu mkono nikaunyoosha kwa Bi Zuhura: mie ndiye wa kubakiii!

Hapo akainuka mama mmoja mnene mwenye dera la dhahabu, sijawahi kumwona maishani, akaja ananitunza mimi, akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Umenisemea, dada! Umenisemea!" Nikamwambia asante.

Ni jirani yetu Mishi aliyenivuta kiwiko. "We Kadzo, umeingiwa na nini? Unajua huyo aliyekukumbatia ni nani?"

"Simjui."

"Ndiye Mwanaidi! Ndiye aliyeolewa na mume wa Bi Zuhura, Bi Zuhura akapewa talaka yake. Na huo wimbo ndio kijembe chake, kila harusi anautunza mbele ya mwenziwe. Aliyeusuka mkeka katoka, yeye ndiye kabaki. Mama wa watu taarabu alishaacha kuja kwa sababu hiyo, leo kaja kwa ajili ya jirani, na wewe uliye nyumbani kwake ndiye unamwimbia!"

Nikatazama pale tulipokuwa tumeketi, Bi Zuhura ameshasimama, anajifunga buibui taratibu, anawaaga watu mmoja mmoja kwa adabu zake zile zile, na hilo ndilo lililoniumiza, bora angenitukana. Nikatoka mbio kumfuata. Waya wa kinanda ukaninasa mguu, nikaenda chini kama gunia la nazi, spika ikanifuata, na muziki ukakatika ghafla, kukawa kimya, na katika kimya hicho mimi nilikuwa tayari nimeshafungua mdomo kushindana na kelele:

"Mama, nisamehe! Sikujua kama ulinyang'anywa mume!"

Ukumbi mzima. Mpaka wapishi kule nje. Bi Zuhura alisimama mlangoni bila kugeuka, kisha akatoka.

Nilifika nyumbani nachechemea, nikaingia chumbani nikaanza kutia nguo kwenye begi, nitarudi Kaloleni nikauze maembe, nikafe huko. Mlango ukasukumwa. Bi Zuhura amesimama na vikombe viwili vya chai ya tangawizi.

"Unakwenda wapi na dera langu?"

Nikaanza kulia, nikamweleza vyote, redio, baraza, wanawe walioolewa, na jinsi nilivyouona wimbo ule kuwa ni wangu mimi na yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho. Mabega yakaanza kumtikisika nikajua analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka chai inamwagika, "ati ulinyang'anywa mume, ya Rabi, mbele ya bibi harusi!" Kisha akaketi kitandani kwangu, akafuta macho, na kicheko kikaisha polepole.

"Ule wimbo ni wa zamani, Kadzo. Mwaka niliofiwa na mama yangu, siku zile hatujaachana, yule bwana aliniletea kwenye kaseti. Mimi nalia usiku na mchana. Akaniambia, aliyesuka ni mama yako, kakusuka wewe, kisha katoka. Mie ndiye wa kubaki." Akakitua kikombe sakafuni. "Na siku ile alisema kweli, mwanangu. Hakuwa akinidanganya. Mwanaidi alipouchukua kunichomea, mimi sikulilia mume. Nililia wimbo wangu."

Nikamshika mkono.

"Hebu niimbie," akaniambia. "Lakini pole pole, usije ukaniangushia kabati."

Nikamwimbia pale kitandani, sauti inakwaruza kwa kilio, naye kwenye mstari wa mwisho akaingia na sauti nyembamba ambayo sikuwahi kujua anayo, tukaurudia, tukaurudia tena, chai ikapoa.

Nguo nilizirudisha sandukuni, na bado naishi kwake. Lakini mji haujasahau, kuna wateja dukani wanaoniomba panadol wakiwa wameuma midomo wasicheke, na vijana wa mtaani wananiita Bi Mkeka. Mimi nimeapa: wimbo wa mapenzi hata ukinitoa machozi, sitainuka mpaka niulize unaimbiwa nani, na nani mwingine humu ndani ameshaulilia. Tumealikwa harusi nyingine Kilifi, na nimeshawaambia wenyewe nitakaa nyuma na wapishi, mikono yote miwili imejaa vitunguu, ili hata roho ikinituma nisiwe na mkono wa kutolea noti.