Kifungo cha Kaptula Mbele ya Eksirei

Aibu hii bora niitoe mwenyewe, maana waliokuwepo siku ile wameisimulia kuanzia Geita mpaka Shinyanga mjini, na kila mmoja ametia chumvi yake, mpaka kuna anayesema nilimeza sururu. Sikumeza sururu, jamani. Nilimeza kifungo, na laiti ningetulia, mambo yangeishia chooni bila mtu kujua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nipo kwenye mgodi mmoja mdogo wa dhahabu huko Geita, kazi yangu kinuni, pale mawe yanaposagwa na dhahabu inapoanza kuonekana kwa macho, kwa hiyo sisi wa kinuni tulipekuliwa getini kila jioni, mdomo wazi, ulimi juu, mpaka katikati ya nywele. Mwenzetu mmoja alikutwa na kipande kama punje ya mtama kwenye kisigino cha kiatu, akaenda jela, na mkewe akarudi kwao na mzigo kichwani. Mke wangu mimi, Nyamizi, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Sasa Jumamosi mchana nashona kaptula yangu ya kaki, kifungo chake cha shaba, cha njano, kinang'aa kweli, nimekibana kwa meno ili mikono ipate nafasi (wanaume tukishona ndivyo tunavyoshona), Nyamizi akasema neno la kuchekesha, nikacheka, kikaenda. Nikakisikia kinashuka. Tulicheka wote wawili mpaka machozi, na kaptula nikaifunga kwa kamba.

Kicheko kiliisha Jumapili, lilipotoka tangazo kwamba gari la eksirei limefika na kesho asubuhi kila mfanyakazi atapigwa picha. Sikuwahi kukiona kitu hicho. Nikamwendea jirani yangu Masunga, mtu anayejua kila jambo (na asilolijua ndilo analolijua zaidi), nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hivi hiyo mashine inaona nini?"

"Inaona yote, wewe bhebhe! Inapita nguo, inapita nyama. Ugali uliokula jana inauona, pamoja na mboga yake."

"Na kitu cha chuma, au cha shaba, je?"

"Hicho ndicho inachokitaka hasa. Wewe unadhani wameileta kwa kuyapenda mapafu yako? Wanatafuta dhahabu matumboni."

Niliogopa, sifichi. Mtu wa kinuni, kitu cha njano tumboni, halafu nimwambie hakimu ni kifungo cha kaptula, mheshimiwa, nani ataniamini? Chumba cha dresa, mganga wetu wa mgodini, kilikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, ningeenda nikamweleza. Badala yake nikaenda dukani nikanunua chupa ya mafuta ya nyonyo, yale ya kuendesha tumbo, nikanywa nusu, nikakaa kusubiri. Kimya. Asubuhi tumbo bado kimya, foleni imeanza kupangwa, basi nikameza ile nusu iliyobaki nikaenda kusimama na wenzangu.

Tumbo lilianza kuongea nikiwa mtu wa sita. Nikiwa wa tatu jasho linanichuruzika, nataka kutoka kwenye foleni, lakini askari wa getini ndiye aliyekuwa anaisimamia siku hiyo na macho yake yote kwangu, na mimi nawaza nikikimbia sasa hivi nimejishtaki mwenyewe. Nikabana. Nikapanda ngazi ya gari. Dresa akanibandika kifua wazi kwenye ubao wa baridi, kidevu juu, mikono kiunoni, akasema, "Vuta pumzi. Jaza kifua. Usitoe!"

Jamani, pumzi sikuitoa.

Yaliyotoka mengine nyote mnayaelewa, na katikati yake kikasikika kitu kinagonga sakafu ya mbao, ti!, kikabingirika mpaka mlangoni na kusimama miguuni pa askari, kinang'aa.

"Dhahabu! Mtu asiguse!"

Foleni ilivunjika, wote wakaja kuchungulia, mimi nimepigishwa magoti katika hali ile ile, meneja anaitwa, na Nyamizi anakuja mbio kashika tumbo lake huku akilia, "Mayu, mama yangu! Mume wangu kaiba nini?" Hapo ndipo nililia na mimi. Nilimwona kabisa na mzigo kichwani.

Meneja akaamuru kitu kile kioshwe, na wa kukiosha bila shaka ni mimi, kwenye ndoo, mbele ya watu wote, kikanidondoka mara mbili. Dresa akakichukua, akakigeuzageuza juani. "Afande," akasema, "dhahabu gani hii yenye matundu manne ya uzi?"

Walicheka. Masunga alicheka kuliko wote, akakaa chini kabisa. Mimi nikaambiwa niko huru, lakini kumbe picha yenyewe ilikuwa imeharibika, nikatakiwa kurudi palepale, nimeoga, nimefungwa kanga ya Nyamizi. Safari hii nilimuuliza dresa kabla sijagusa ule ubao: hii inaona wapi mpaka wapi?

Akaniwekea kidole kwenye mtulinga, kingine mbavu zinapoishia. "Hapa mpaka hapa. Tunatazama vumbi la mawe kwenye mapafu. Tumbo halimo."

"Ningekuuliza jana je?"

"Ningekujibu jana."

Basi nimeapa, jambo la mwili nitamuuliza mwenye kazi yake hata kama swali ni la kijinga, na mafuta ya nyonyo siyagusi tena, hata kwa kulainishia bawaba za mlango.