Asteria Atoa Ushuhuda

Siku ya kwanza Asteria alinishtua mpaka nikamwaga ndoo. Nilikuwa nafuta meza kwenye ofisi moja hapa Kista, Sweden, nikageuka, huyo nyuma yangu: msichana mrefu wa miaka ishirini na mbili, na sikumsikia akija. Anatembea kwa ncha za vidole. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe paka? Kohoa basi." Akajibu, "Uniwie radhi, shangazi. Sikukusudia kukutia fadhaa." Kiswahili cha mimbarini, kwenye chumba cha mifagio. Nikajua huyu kuna jambo limempata.

Ilichukua miezi kulijua lote, na tangu nilijue sijatulia.

Baba yake, Kasiani, alikuja Sweden kusomea umeme, akabaki, akaoa, akaokoka, akaanzisha ushirika wa maombi kule Tumba. Hayo ni yake, sina neno. Lakini Asteria alipokuwa darasa la pili alirudi nyumbani na picha ya mijusi wakubwa, akasema mwalimu kawaambia waliishi mamilioni ya miaka iliyopita. Kasiani akaona shule inamwibia mtoto. Na kwa kuwa nchi hii haimruhusu mzazi kumtoa mtoto shuleni amfundishe nyumbani kwa ajili ya dini, akajaza fomu ya ofisi ya kodi, ambayo huku ndiyo huandikisha wakazi, kwamba bintiye amehamia Bukoba, Tanzania, kwa bibi yake. Binti hakuhamia popote. Alikuwa hukohuko Tumba, ghorofa ya tatu, mapazia yamefungwa. Mtu aliyeogopa mtoto asifundishwe uongo akaanza kwa kuiongopea serikali.

Shule ikawa meza ya kulia chakula. Asubuhi Maandiko, mchana hesabu za vitabu chakavu vilivyoletwa kwenye sanduku kutoka Bukoba, jioni kukariri alichosoma asubuhi. Kabla ya saa nane na nusu, watoto wengine wanapotoka shuleni, hakuna kwenda nje, hakuna kuimba, hakuna viatu, na kisigino kisiguse sakafu, jirani wa chini asijue kuna mtoto juu. Miaka kumi ya hivyo. Jino likamuuma akiwa na miaka kumi na tatu, na kwa daktari wa meno jina lake halimo. Baba akaliombea wiki tatu, likaoza, likakatika lenyewe. Pengo analo mpaka leo, na akicheka hulifunika kwa mkono.

Msije mkadhani nawasema Wakristo tu. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na kwetu nako wapo wanaofungia watoto ndani wakasema ni dini. Nimeshagombana na mmoja Skärholmen, mbele ya bucha, watu wakajaa. Sijutii.

Alipofika miaka kumi na minane, Asteria alikwenda mwenyewe kwenye ile ofisi ya kodi, akasema, "Nimerudi." Akapanga chumba Skärholmen, akaanza shule ya watu wazima. Kiswidi chake kilikuwa cha mtoto wa miaka minane, wakamweka na wageni waliofika juzi. Mwalimu akauliza kila mmoja ametoka nchi gani. Huyu Syria, yule Eritrea. Zamu yake ikafika, akasema, "Tumba." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Sasa amebakiza masomo mawili aingie kozi ya uuguzi msaidizi, na usafi anaufanya alfajiri kabla ya darasa. Jumapili bado huenda Tumba, kwa ajili ya mama yake.

Basi vuli hii akaniletea karatasi wakati wa mapumziko. Ilikuwa na mwandiko wa baba yake. Kwenye ushirika kuna mama mmoja, Domina, ana binti wa miaka tisa, Magdalene. Mume wa Domina anataka kumtoa mtoto shuleni kwa njia ileile, fomu iko tayari, imebaki sahihi ya mama tu, naye mama anasita. Kasiani akaona dawa ni Asteria asimame atoe ushuhuda. Akamwandikia kabisa cha kusema: nilisomea nyumbani, sikuharibika, tazameni nafanya kazi na ninasoma.

"Shangazi," akaniambia, "nikikataa, atasimama mwingine na Magdalene atafungiwa. Nikisoma hii, nitakuwa nimemfungia mimi."

"Sasa?"

"Kwetu shahidi hakatizwi mpaka aketi. Ni kanuni ya baba mwenyewe. Njoo ukae nyuma, nipate pa kutazama."

Nikaenda na mtandio wangu kichwani. Walidhani nimekuja kuokoka. Mama mmoja akanipa kiti kizuri, akawa ananipapasa bega kila baada ya wimbo, nami nikamwacha, alikuwa na moyo mzuri.

Asteria akaitwa. Akapewa kipaza sauti. "Bwana asifiwe."

"Amina," wakaitikia.

Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Nilifundishwa nyumbani miaka kumi. Najua sura nyingi kwa moyo. Bwana asifiwe."

"Amina."

"Sikujua kwamba kuna mtu alishafika mwezini. Nilimbishia mwalimu mbele ya darasa, nikiwa na miaka kumi na tisa." Amina zikapungua. "Sikuwa na rafiki hata mmoja. Nilikuwa nikichungulia pazia kuhesabu watoto wanaotoka shule, nikiwapa majina. Nilioza jino kwa sababu kwenye karatasi mimi niko Bukoba, na Bukoba sijawahi kufika. Mama Domina, ukitia sahihi ile, Magdalene atajifunza kutembea bila kusikika, na hatasahau. Mimi nimeshindwa kusahau. Mungu simdai kitu. Namdai baba yangu."

Mama yake, mstari wa mbele, alikuwa analia bila kujifuta. Kasiani alikuwa amesimama, lakini kanuni ni kanuni, akangoja mpaka binti akaketi. Ndipo akauliza, "Nani amekufundisha kusema haya mbele ya watu?"

"Wewe, baba," Asteria akasema. "Ulinifundisha kwamba kushuhudia uongo ni dhambi. Sikuwa na mwalimu mwingine."

Nikajikuta mimi, Nasma binti Shekue, nasema amina, ukumbi mzima ukasikia. Waligeuka wote. Na wageuke.

Asteria akachukua koti lake, akatoka kupitia katikati, akikanyaga kwa visigino. Sakafu ya pale ni ya mbao, kila hatua ilisikika. Kasiani akafungua kinywa aanze wimbo, wimbo haukuja.

Domina akainuka, mkono mmoja umeshika mkoba, mumewe anamvuta nguo aketi. "Mchungaji, tunaomba ruhusa," akasema. "Magdalene ana hesabu za kupeleka shuleni kesho."

Mtoto alikuwa ameshatangulia. Alimkimbilia Asteria mpaka mlangoni, viatu vyake vikigonga mbao ukumbi mzima, na hakuna aliyemwambia atembee polepole.