Picha za Adhuhuri

Lukumani wa Gongoni, mtoto wa fundi seremala, hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema, maana mimi mwenyewe kuna siku namchukia. Babu zake waliingia Tabora na misafara, wakabaki, na ukoo wao ukajulikana kwa jambo moja: kazi yao hairudiwi.

Yeye alishika kompyuta. Katika hospitali ya Dokta Rashmi alitunza kanzidata ya watoto wenye selimundu, mia tisa na ushee: nani aliongezewa damu lini, nani dawa gani ilimkataa. Kumbukumbu zilikaa kwenye diski moja, orodha ya kila badiliko kwenye diski ya pili. Kila siku Lukumani alizipiga picha, yaani nakala ya diski nzima ilivyo wakati huo, diski ya kwanza, kisha baada ya dakika tano ya pili, akazihifadhi pembeni ili mashine ikifa waanzie hapo.

Sasa picha za namna hiyo zina sharti. Mtu akiandika kitu kati ya picha ya kwanza na ya pili, diski moja itasema hivi na nyingine vile, na siku ya kurudisha huna kitu. Kwa hiyo unaiamuru kanzidata itulie, unapiga zote mbili, unaiachia. Ni mistari mitatu tu ya maelekezo. Lukumani aliona anajichosha bure. Ikiadhiniwa adhuhuri ofisi nzima husimama: Waislamu msikitini, na Levina, karani Mkatoliki wa Kipalapala, hufungua hotpoti yake ale. Nani ataandika? Basi, Novemba akaitega mashine saa sita na dakika arobaini, adhana ikiwa imeshatoka. Dokta akamsifu mbele ya wageni. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hata siku moja hakujaribu kurudisha picha mahali pengine aone kama inafunguka.

Jua nalo halina habari na saa ya mashine. Kufika Januari adhana inatoka karibu saa saba. Ratiba ya msikiti ilibandikwa ukutani juu ya kichwa chake, naye kila siku akaifuata kwenda kuswali, bila kuikumbuka mashine aliyoiacha kwenye saa ya Novemba. Na Levina, mchapakazi yule, saa sita na dakika arobaini bado alikuwa akiingiza kadi za asubuhi kwenye kanzidata.

Februari radi ikapiga, diski zikafa. Lukumani akarudisha picha ya jana, ikagoma. Ya juzi, ikagoma. Akarudi nyuma mpaka mwisho wa Novemba ndipo moja ikafunguka; yote yaliyoandikwa baada yake yalikuwa yamepotea. Akainua macho, akaiona ile ratiba, akaelewa yote.

Dokta Rashmi akamwita. "Picha ziliharibikaje?"

"Kuna mtu alikuwa akiandika wakati zinapigwa, Dokta."

"Nani?"

Hapo ndipo angesema: saa niliitega mimi. Akamfikiria baba yake, akalifikiria jina la ukoo. "Levina," akasema.

Hakusema uongo, na hilo ndilo linalonichefua. Kuna uongo usio na neno hata moja la uongo. Levina aliachishwa kazi wiki ileile. Angejitetea na nini, wakati hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kuna picha? Siku alipokabidhi funguo, Lukumani aliandika ile mistari mitatu. Tangu hapo picha zote zinafunguka, na kila Jumamosi anazijaribu. Dokta kampandisha cheo.

Mwezi wa tano wakakutana sokoni. Levina alikuwa akiuza karanga kwenye ungo. Alipomwona akasimama, akafuta mikono kwenye kanga.

"Kaka Lukumani, nilikuwa nakutafuta. Kuna mtoto wa Usinge, dawa ilimkataa mwezi wa kwanza, niliiandika kwa mkono wangu. Nikawaza, je, alirudi, wakampa tena kwa kuwa mimi nilifuta? Silali vizuri. Wewe ndiye mtaalamu. Nilikosea wapi?"

Lukumani akatazama karanga. "Hukujua, dada."

"Kweli sikujua. Lakini nimekuharibia kazi yako, na wewe hujawahi hata kunifokea." Machozi yalikuwa yakimlenga. "Umenisamehe, kaka?"

Watu walikuwa wakipita.

"Nimekusamehe," akasema.