Viwanja vya Bibi

Juzi nilifika Unguja kwa mara ya kwanza, na pale kwenye kiwanja cha Sokomuhogo harufu ya kahawa ikanirudisha Maskati, alasiri moja ya utoto wangu. Bibi, aliyeihama Unguja akiwa msichana, alinitembeza viwanja vya mji wa kale wa Maskati, buibui lake likinukia udi.

"Hapa Sokomuhogo," aliniambia, "na kule baharini Forodhani."

Niliamini ndiyo majina ya Maskati. Nilipomtajia majina hayo muuza halua mmoja wa hapo, alicheka mpaka akauweka mwiko chini. Nikamwona mjinga, hata mji wake haujui.

"Usimlaumu, mwanangu," Bibi alininong'oneza. "Hajapata kufika."

Juzi, pale Sokomuhogo, binti yangu akanivuta mkono. "Mama, hapa wapi?"

"Maskati," nikamjibu, kabla sijajizuia.