Ushuhuda wa Miguu Isiyouma

Wiki iliyopita, kwenye kliniki ya sukari hapa Kitale, muuguzi alimwambia mama mmoja mkulima kutoka Saboti avue gambuti zake za mpira. Mama akainama huku akitabasamu.

"Sista, miguu iliacha kuuma. Ilikuwa inawaka kama moto, sasa kimya. Jumapili nimetoa ushuhuda kanisani, watu wakapiga makofi!"

Gambuti la kushoto lilitoka. La kulia likakataa. Muuguzi aliligeuza, na sisi wagonjwa wenzake tuliokuwa kwenye benchi tukaona: msumari ulikuwa umepenya soli ukaingia kwenye nyama.

"Mama, umekanyaga msumari huu lini?"

"Ati msumari?" Aliutazama mguu wake kama wa mtu mwingine. "Si nimetoka shambani nikitembea vizuri!"

Muuguzi aling'oa msumari, akalivua gambuti, akafunga kidonda, na mama hakukunja hata uso.

"Neva ndizo hupeleka habari kwenye ubongo," muuguzi alisema polepole. "Sukari ikizidi miaka mingi, inaziua, ikianza na zile ndefu za miguuni. Hujapona, mama. Mguu umenyamaza. Ukiuacha hivi, tutaukata."

Tabasamu likaisha. Benchi zima tulikuwa tukichungulia viatu vyetu.

Muuguzi akachukua kijiti chenye ncha, akaanza kumdunga kidogo akipanda kutoka vidoleni. "Hapa?" Kimya. "Hapa?" Kimya. Juu ya kifundo, mama akaruka.

"Uuwi! Unanidunga!"

Sijawahi kufurahia yowe la mtu namna ile.

"Inauma?"

"Sana!"

Muuguzi akashusha pumzi. "Basi Jumapili, shuhudia hiyo."