Ekai Ameacha Mofini

Leo nimeharibu maombi ya wamama. Chekeni polepole.

Maabara yetu inajaribu dawa ya mizizi kwa panya waliozoea kulewa mofini. Wangu anaitwa Ekai. Sanduku lake lina vyumba viwili, na kila siku anakimbilia kile alichokuwa akidungiwa mofini.

Leo nimempa dawa, akakipita tu! Akaenda kulala kile kingine!

Nikaingia nyumbani kwetu, mtaa wa Bulla Pesa, nikipiga kelele: "Mama, Ekai ameacha!"

Wamama wa maombi walikuwa wamejaa sebuleni. Vigelegele!

"Ameokoka! Aje Jumapili atoe ushuhuda!"

Kumbe Mama hunisikia nikimtaja Ekai na mofini yake kila jioni, akawapa jina wamwombee aache.

"Jamani, Ekai ni panya."

Wamama wakaanza kukusanya Biblia zao.

Mama akaninong'oneza: "Kwa hivyo harusi hakuna?"